Shaba na Bati

Leo, kidato cha tatu, tumefika Dakia:
jimbo la ukingoni, mbali na Rumi
kama Bombo ilivyo mbali na kila mji uliowahi kuiletea amri.

Nimewachorea ubaoni mabamba mawili ya shaba
yaliyofungwa pamoja kwa waya,
hati ya askari wa miaka ishirini na mitano.
Hakuzaliwa Rumi, wala hakuiona.
Aliokotwa milimani, akavishwa kofia ya chuma,
akapelekwa kulinda mto wa watu.
Alipozeeka wakamwandika raia,
yeye na mke aliyempata hukohuko
na watoto, jina kwa jina, hadi kitinda mimba.

Sururu wa dawati la nyuma akanyoosha mkono:
"Mwalimu, mama wa huyo mke alisema nini?"
Kitabu kimenyamaza hapo.
Rimu la lori likagongwa, wakaukimbilia uji.

Bibi Bakhita anasuka kawa, zambarau na kijani,
ukindu mbichi mapajani,
macho hayamo kazini; vidole vinajua njia.
Namwuliza swali la Sururu kama mzaha.
Hajibu. Ananituma uvunguni.

Kopo la biskuti, la bati;
farasi wa kifunikoni amebaki miguu tu.
Ndani, karatasi iliyokunjwa mara nne
hadi mikunjo ikawa matundu:
Marjani Fadhlalla. Tabia: njema sana.
Alama: kovu kwenye unyusi wa kushoto.
Kabila: Msudani.
Alizaliwa hapa, hatua mia kutoka kisimani.
Karani hakuuliza.
Alikwenda Burma, akarudi na homa na nusu ya sikio.
Mstari wa mke haumo.

"Huyo ni baba," anasema bibi, "na mstari uliokosekana ni mama.
Nalwoga, kabla hawajamwita Zenabu.
Mama yake alikuja kwa miguu kutoka Wobulenzi
na machipukizi matatu ya mgomba kichwani.
Kwao mkwe haonwi uso, ni mwiko,
basi akapita nyuma ya kambi,
akachimba kwa jembe la kuazima, akapanda, akaenda zake.
Hakutamka neno.
Mwambie huyo mtoto: alisema migomba."

Mwaka wa sabini na tisa tulikimbia usiku,
tunadaiwa deni tusilolikopa.
Bibi alibeba kopo, akaacha vyombo.
Miaka saba Yei. Kurudi, akakuta wageni sebuleni,
mlango ulishageuzwa kuni,
na nyuma, ndani ya magugu,
mkungu umeinama hadi unakaribia kugusa udongo.
Wageni walikuwa wameula ule uliotangulia.
Hakuwalaumu.
Aliwaomba jembe.

Rehani, mdogo wangu, analinda lango Baghdadi,
mwaka wa nne sasa, kwa kampuni ya watu,
kando ya mto wa watu.
Cheti chake ni cha plastiki, kinaning'inia shingoni.
Alituma picha; jua limekipiga hadi jina halisomeki.
Bibi anaisogeza simu, anaiweka mbali, anaisogeza tena.
Haulizi mshahara.
"Huko ana mtu?"
Sijui, bibi.
"Kama ana mtu, mama wa huyo mtu anaishi wapi?"
Anaukata ukindu kwa jino,
anaanza mzunguko mwingine, wa kijani.

Kesho tunaendelea na Dakia, ukurasa wa sitini:
barabara, kodi, madaraja.
Nimemtengea Sururu dakika tano.